Nilisema Alikufa kwa Homa

Siku ambayo mvua imenyesha na anga likabaki safi, milima ya kwetu huonekana kutoka hapa Kalemie. Inatokea ng'ambo ya ziwa, jua likiwa bado nyuma yake, myembamba na ya kijivu, kama mtu amechora kwa kipande cha mkaa akachoka kabla ya kumaliza. Watu wa mtaa husimama kuitazama. Mimi siku hizo hugeuza kigoda changu nikakaa kuelekea ukuta.

"Koko, kwenu kumefunguka," mjukuu wangu ananiambia. Hapa nyanya wanamwita koko.

"Nimeona."

"Umeona na nini, na uso uko kwa ukuta?"

"Nimeona, nimesema."

Anacheka, anarudi kutwanga sombe yake, kisamvu cha huku. Anadhani nageuka kwa sababu ya hamu ya nyumbani, na hamu ninayo, siikatai. Lakini kati yangu na milima ile kuna maji. Maji yale siwezi kuyatazama kabla sijajua mtoto yuko wapi.

Mtoto ni kitukuu changu, binti wa mjukuu wangu. Ana miaka minne. Jina lake nilimpa mimi, na nilipompa nilisema uongo. Hayo ndiyo ninayoyaandika humu.

Nilikuja Kalemie kwa miezi mitatu, na sasa unakwenda mwaka wa tano. Binti yangu aliolewa huku angali msichana, akazaa mtoto mmoja wa kike, akafa, akazikwa huku. Mimi nilipata habari kwa simu. Kisha mume wangu naye akanitangulia. Nikabaki kule kwetu, upande wa Kigoma, mimi na kuku wanne. Ndipo mjukuu wangu akapiga simu. Ana mimba ya kwanza, hana mama, anaomba nije nimpokee mtoto.

Shule niliishia darasa la tatu. Mwandiko wangu unapanda na kushuka, mwenye kusoma anivumilie. Lakini majina ninayo kichwani, yote. Wa kwetu wote, tangu wale wa kwanza waliovuka ziwa kutoka upande huu wa Kongo kwenda ule wetu, nawajua mmoja mmoja, nani alimzaa nani, nani alihama, nani alizikwa wapi. Mtu akitaka kuoa alikuwa anapitia kwangu kwanza, asije akaoa ndugu yake. Na bado humu sitaandika jina hata moja. Nimeshaona jina moja linachoweza kufanya.

Kabla ya safari ile sikuwahi kuvuka ziwa. Watu hawaamini. Nilizaliwa ufukweni, nimeolewa na mvuvi, nimekula samaki maisha yangu yote, na tangu nilipokuwa na miaka kumi mguu wangu haukugusa maji ya ziwa. Maji ya kupikia nilichota kwa kibuyu kilichofungwa kwenye mti mrefu, nikisimama juu ya jiwe. Mume wangu alinizoea. Alikuwa akiwaambia wenzake, "Mke wangu anavua maji kwa ndoano."

Nilipopanda boti nilikaa katikati, kwenye magunia, nikajifunika kanga kichwani mpaka kiunoni. Mama mmoja mfanyabiashara akanigusa bega.

"Mama, unajificha na nani?"

"Nani asiyejificha na jua?"

"Jua halijatoka."

Watu wakacheka. Nami nikacheka chini ya kanga yangu, meno yanagongana. Sikuwa najificha na jua. Mdogo wangu yumo mle.

Nilikuwa na miaka kumi, yeye sita. Mama yetu alitutuma kuosha masufuria ziwani, kwa mchanga, kama kila siku. Tulipofika nikakuta nimesahau sabuni. Nikamwambia, kaa juu ya jiwe hili, usishuke. Akakaa. Nikapanda nyumbani, si mbali, nyumba ilikuwa inaonekana, nikachukua sabuni, nikasimama kidogo tu kumwangalia jirani anavyosukwa nywele. Kidogo tu. Niliporudi, sufuria dogo lilikuwa linaelea, linazunguka polepole, na juu ya jiwe hapakuwa na mtu.

Nikamwita. Niliita jina lake kutoka kwenye mawe mpaka kwenye matete, nikarudi, nikaita tena. Watu wakaja, wanaume wakaingia majini. Niliendelea kuita mpaka mama akaja kuniziba mdomo kwa kiganja chake. Ziwa halikurudisha kitu, hata kile kitambaa alichojifunga.

Kwetu, aliyechukuliwa na maji jina lake haliitwi tena. Wala hapewi mtoto. Wazee walisema maji yamelijua jina lile, wakilisikia tena yatakuja kulifuata. Mama yangu alitoa sahani yake kwa watu, akatoa mkeka wake, na tangu siku ile jina lile halikusikika nyumbani. Wadogo zangu waliozaliwa baadaye hawakujua kwamba kulikuwa na mwingine. Mume wangu hakujua. Binti yangu hakujua. Waliokuwa wanajua wamekufa wote. Nimebaki mimi.

Basi nikafika Kalemie. Nitasema ukweli, mwanzoni nilikuwa naogopa kila kitu. Kufungua mdomo sokoni niliogopa, maana neno la kwanza tu muuzaji alikuwa anainua kichwa. "Mama iko Mutanzania," anamwambia mwenzake, na mimi nakumbuka karatasi yangu ya kuingilia iko nyumbani ndani ya sanduku, na sijui kama siku zake zimekwisha. Nilikuwa naonyesha kwa kidole, kama bubu. Samaki ambaye kwetu ni mgebuka wao wanasema mukebuka. Dagaa wao wanasema ndagala. Ni samaki walewale, kutoka maji yaleyale, lakini niliwaweka mdomoni nikaona hawana ladha ya kwetu. Sasa najua ladha ilikuwa ileile. Aliyekosekana ni yule wa kula naye.

Niliogopa pia habari za watu. Jirani yetu wa upande wa juu alikimbia vita huko Nyunzu na watoto wake, akafika kwa miguu. Mpaka leo anapika akiwa amejifunga kila kitu chake kiunoni, kikwembe juu ya kikwembe, vitenge vya huku. Nilimwuliza siku moja kwa nini asivue, jua ni kali. Akasema, "Nikivua, watakuja." Sikumwuliza tena. Nilimwelewa kuliko alivyojua.

Na ziwa lenyewe lilikuwa linapanda. Nyumba ya mjukuu wangu iko mtaa wa chini. Nilipofika kulikuwa na mistari miwili ya nyumba kati yetu na maji. Siku hizi umebaki mmoja, na huo mmoja nao hauna watu. Walihama maji yalipoingia vyumbani. Kuta zimesimama, madirisha wazi, na ndani ya nyumba vimawimbi vinagonga ukuta, pa, pa, kama mtu anayebisha hodi.

Mjukuu wangu alijifungua salama, mtoto wa kike. Siku ya tatu mtoto akakataa ziwa la mama yake. Anageuza uso, analia, analia mpaka sauti inabaki kama ya paka. Siku ya nne vilevile. Ngozi ya paji la uso ikaanza kulegea.

Mama mkwe wake akaja. Huyu ni mama wa mume wa mjukuu wangu, mtu wa kaskazini ya ziwa, mnene, anayecheka kwa tumbo, mwenye macho yasiyokosa kitu. Siku ile hakucheka. Alimshika mtoto, akamtazama mdomoni, akamtazama machoni.

"Huyu mutoto anatafuta jina," akasema.

"Apelekwe kwanza kituo cha afya," nikasema.

"Atapelekwa. Njia zote mbili. Dawa iko na kazi yake, jina iko na kazi yake."

Mjukuu wangu na mumewe wakaenda na mtoto. Muuguzi akamfungua mdomo, akaona utando mweupe kwenye ulimi, akampaka dawa ya zambarau, akasema apakwe kila siku na mama asichoke kumwekea ziwa. Wakarudi adhuhuri. Mtoto mdomo wote zambarau, kama aliyekula matunda ya mzambarau, na bado hanyonyi.

Hapo tukakaa kumtafutia jina. Desturi hii nilijua, hata kwetu ipo. Mama anakaa chini na mtoto kifuani, mkubwa mmoja wa ukoo anataja majina ya waliokufa, moja moja. Kila jina mtoto anawekewa ziwa. Akigeuza uso, siye huyo. Akinyonya, amejitaja.

Mama mkwe alianza na wa kwao. Akataja baba zake, shangazi zake, wajomba. Mtoto anageuza uso. Akataja wa ukoo wa marehemu mumewe. Mtoto anageuza uso. Alipoishiwa akanigeukia.

"Mama, ni wewe sasa. Watu wanasema uko na majina yote."

Nikaanza. Nilitaja babu yangu aliyejenga kwanza pale kwetu. Nikataja wake zake watatu. Nikataja mama yangu, nikataja baba yangu, nikataja binti yangu mwenyewe, mama wa yule aliyekuwa amekaa mbele yangu, na nilipomtaja sote tulimwinamia mtoto, kwa maana sote tulitaka awe yeye. Mtoto akageuza uso. Kila jina mama mkwe alikuwa ananiuliza, "Huyu alikufa na nini?" nami nasema: uzazi, uzee, ndui, kifua. Nilidhani anauliza kwa kuwa anapenda habari. Jua likasogea mpaka kwenye kizingiti. Nikamaliza.

"Njo wote?" akauliza.

"Ndio wote."

"Hakuna mwingine? Hata mutoto mudogo? Hata mutu wa kusahau?"

Mjukuu wangu alinitazama. Macho yake yalikuwa ya binti yangu. Mtoto hakuwa analia tena, na kule kunyamaza kulinitisha kuliko kilio. Nikaona kwamba kama mtoto huyu atakufa, nitajua kwa maisha yangu yote yaliyobaki kuwa kulikuwa na jina moja nililolikalia. Nikaona pia kwamba nikilisema, nimemwita yule aliye majini aje kwenye nyumba ambayo maji yanaikaribia. Sikujua lipi ni baya zaidi. Mpaka leo sijui.

Nikalisema. Sauti ilitoka ndogo, maana nilikuwa sijalitamka tangu mama aliponiziba mdomo.

"Ni nani huyo?" mama mkwe akauliza.

"Mdogo wangu. Alikufa mdogo."

"Na nini?"

"Homa," nikasema.

"Homa gani?"

"Homa tu. Zamani hatukujua majina ya homa."

Akanitazama kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akaligeuza jina lile kinywani mwake, akamwambia mtoto, "Ni wewe? Kama ni wewe, kunywa." Mjukuu wangu akamwekea ziwa. Mtoto akagusa, akaacha, akagusa. Akanyonya.

Kila mtu akapiga makofi isipokuwa mimi. Inawezekana ni dawa ya zambarau iliyokuwa imeanza kufanya kazi. Muuguzi angesema hivyo, nami simbishii.

Mwenye kurudi na jina anarudi na heshima yake. Kwa hiyo yule mtoto ni mdogo wangu, na mimi ni dada yake. Alipoanza kusema, hakuniita koko. Aliniita yaya, kama wanavyomwita dada mkubwa hapa. Watu wa mtaa walipenda sana. Mimi na mgongo wangu uliopinda, natafuna kwa upande mmoja, na kitoto kinanivuta mkono, "Yaya, yaya, twende."

"Hawa ndugu wamepishana kidogo," mama mkwe alikuwa anawaambia wageni. "Mama yao alipumzika katikati."

Nilicheka pamoja nao, lakini kila aliponiita yaya nilisikia sauti nyingine. Alikuwa anapenda maji. Watoto wote wanapenda maji, najua. Huyu akiona beseni anaingia. Mvua ikinyesha anatoka. Nilikuwa nakaa mlangoni kama askari. Nilipata kengele ndogo, ya kufunga mbuzi, nikamfunga mguuni kwa uzi mwekundu, nijue anapokwenda. Mjukuu wangu alisema, "Koko, utamufanya kuwa mbuzi kweli." Nikasema mbuzi hapotei. Nilipika nikisikiliza kengele. Nilisali nikisikiliza kengele. Kanisani watu walikuwa wanageuka.

Mjukuu wangu alikuwa ananiuliza mara kwa mara kama sitaki kwenda kwetu kusalimia. Boti zinakwenda kila wiki, mumewe anafanya biashara ya ziwani, anaweza kunipandisha na kunishusha mwenyewe. Nilikuwa nasema bado, mpaka mtoto akue. Nilikuwa naota kwetu mchana kweupe. Naota jiko langu la mafiga matatu, na jinsi kuku walivyokuwa wanaingia bila adabu. Nilitaka kwenda. Lakini ningepitaje juu ya maji yale sasa, baada ya kulitaja jina? Na ningemwacha mtoto na nani anayejua nini cha kuangalia? Hakuna aliyejua. Walijua homa. Mtoto akichemka kidogo walimkimbiza kituo cha afya, wote wawili, viatu mkononi. Akienda upande wa ziwa walimwangalia tu wakicheka.

Siku moja, kama saa nne asubuhi, nilikuwa natenganisha mchele na mawe. Nikagundua kwamba kuna kitu hakipo. Nikasikiliza. Kengele haikuwa inalia. Nikainuka. Kengele ilikuwa juu ya mkeka, na uzi wake mwekundu umefunguliwa vizuri, umewekwa pembeni.

Nikamwita.

Nilikuwa nimemwita mara elfu, lakini ndani ya ua. Siku ile nilitoka mpaka ufukweni, na jina lile likatoka kwangu kwa sauti ileile ya miaka kumi, nikaisikia mwenyewe. Niliita kwenye njia. Niliita kwenye mitumbwi iliyopinduliwa. Hakuna jibu. Jirani wa Nyunzu akatoka na mizigo yake kiunoni, akaanza kukimbia upande mwingine, akiita naye. Yeye ndiye wa kwanza aliyekimbia. Wengine walikuwa wananitazama: huyu mama ana nini, mtoto amekwenda kucheza.

Nikasikia pa, pa, ya maji kwenye ukuta. Nikatazama ile nyumba isiyo na watu.

Alikuwa ndani. Alikuwa amekaa kwenye dirisha la chumba, miguu ndani, na maji ya chumba kile yanagusa nyayo zake. Ana kopo mkononi. Samaki wadogo walikuwa wanapita sakafuni, pale ambapo zamani palikuwa na kitanda cha mtu.

"Kwa nini huitiki?" nikasema.

"Yaya, nyamaza. Watakimbia."

Kati ya mlango wa nyumba ile na dirisha alilokaa kulikuwa na maji mpaka gotini. Hatua sita, saba. Nilisimama mlangoni. Sitaficha, nilisimama. Jirani wa Nyunzu alinipita, akaingia na vikwembe vyake vyote vikilowa, akamnyanyua, akanipa. Mtoto akalia kwa sababu ya kopo.

Siku ileile nilimwambia mjukuu wangu amwite mama mkwe wake. Walipokaa wote wawili nikawaambia. Nikasema hakukuwa na homa. Nikasema kuhusu sabuni, na jirani aliyekuwa anasukwa, na sufuria linalozunguka. Nilisema yote, hata kwamba niliambiwa nisiliite jina lile kamwe, nami nimempa mtoto wao.

Mjukuu wangu alilia. Mama mkwe hakulia. Alikunja na kukunjua ncha ya kikwembe chake.

"Nilikuuliza," akasema mwishowe.

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza mara mbili. Homa gani, nikasema. Ukaniangalia hivi, na meno yako matatu, ukasema homa tu."

"Nilisema."

"Ulizani nauliza kwa kupenda maneno?"

"Nilidhani hivyo."

Akashusha pumzi. "Mama, kaka zangu wawili maji iliwakamata. Baba mudogo, maji. Mume wa dada yangu, maji. Siye tuko watu wa maji, tunaishi pale. Kama tungeacha kila jina yenye maji ilikamata, watoto wetu tungewaita namna gani? Tungewaita Kiti na Meza?"

Mjukuu wangu akacheka katikati ya machozi. Mimi sikuweza.

"Kwetu jina kama lile halitolewi," nikasema.

"Kwenu haitolewi. Huku inatolewa, lakini inaoshwa kwanza. Njo maana nilikuuliza. Wewe umekaa miaka mine na sheria ya kwenu ndani ya nyumba yetu, unaogopa peke yako, na mutoto anatembea na jina haijaoshwa." Akainuka, akakung'uta kikwembe vumbi. "Na mwenye kuosha njo yule alileta jina. Hakuna mwingine. Utaingia na yeye."

"Kuingia wapi?"

"Wapi tena?"

Tulisubiri siku tatu ziwa litulie. Siku hizo tatu sikula. Niliwaza kutafuta boti nitoroke, kisha nikakumbuka boti inapita wapi.

Asubuhi ya siku ya nne tulishuka. Mume wa mjukuu wangu alitangulia majini mpaka kiunoni, akasimama upande wa ndani kama uzio. Mama mkwe alinifunga mimi na mtoto pamoja kwa kikwembe kimoja, kiuno changu na kifua chake, akakaza fundo kwa meno. Jirani wa Nyunzu alikuja pia. Alisimama nchi kavu, amebeba kigoda changu, sijui kwa nini, labda alifikiri nitakihitaji.

Nikaweka mguu. Maji yalikuwa na joto. Katika miaka yote ile nilikuwa nayafikiria kuwa baridi. Mchanga ukaondoka chini ya kisigino changu, nikashika nywele za mtoto badala ya mkono wake, akasema, "Yaya, unaniumiza." Nikapiga hatua nyingine. Maji yakafika gotini, nikasema siendi mbele. Mama mkwe nyuma yangu akasema, "Imetosha. Sema sasa."

Alikuwa amenifundisha maneno. Nikayaambia maji kwamba yule mliyemchukua ni wenu, hatumdai. Huyu ni mwingine, amekuja na jina tu, mwili ni wa kwetu. Nikalitaja jina mara moja kwa kila mmoja. Nilipolitaja kwa ajili ya yule wa kwanza nilitaka kuongeza neno langu, kwamba nilikwenda kuleta sabuni, kwamba nilisimama kidogo tu. Sikuliongeza. Nilichota maji kwa kiganja nikammwagia mtoto kichwani, akafumba macho na kucheka.

"Kwenu njo kule?" akaniuliza. Anga lilikuwa safi. Milima ilikuwa imetokea, nami nilikuwa nimegeukia kule bila kujua.

"Ndiyo kule."

"Tutaenda?"

Mume wa mjukuu wangu, kule ndani kwenye maji, aligeuza uso asinitazame. Nikamwambia mtoto kwamba kwanza baba yake atamfundisha kuogelea.

Anafundishwa. Jioni jua likipungua wanashuka, mimi nakaa kwenye kigoda juu ya jiwe, si karibu sana. Anapiga maji kwa miguu kama bata. Akizamisha kichwa nami nashika pumzi yangu, na mara nyingi yangu inaisha kabla ya yake. Mama mkwe anasema sasa hakuna shida, jina limekuwa safi. Mjukuu wangu anasema mwaka huu au ujao twende wote kwetu, watu wanne kwenye boti moja, anione nikiingia nyumbani kwangu. Nimesema ndiyo. Nimesema kwa mdomo. Nilipokuwa nasema nilishika ukingo wa meza.

Kengele imerudishwa kwa mbuzi. Nilikubali, kwa kuwa sasa anaitika, ameagizwa na wote kuitika. Nikimwita anajibu, "Yaya." Lakini kati ya kuita kwangu na kuitika kwake kuna nafasi. Ni ndogo, mtu mwingine haioni. Mimi ndani yake nina miaka kumi, nina sabuni mkononi, na sufuria linazunguka.

Nimemwita kabla ya kuanza ukurasa huu. Ameitika, yuko nyuma ya nyumba na mama yake. Nikimaliza mstari huu nitamwita tena.